Saa ya redio toka Ujerumani, saa ya buku nane au simu: ipi inatunza muda hapa Dodoma?

Zabibu_Dom: Wakuu habari za jioni. Shemeji yangu kaja likizo kaniletea saa ya ukutani zile za kujirekebisha zenyewe kwa redio, anasema haikosei hata sekunde. Nimeweka betri, mishale ikazunguka yenyewe ikaja kusimama saa sita kamili, ikatulia hapo. Nimengoja weee. Nikaihamishia dirishani, nikaipandisha mpaka juu ya simtank, wapi. Mwisho nikabonyeza kitufe cha nyuma nikaiseti kwa mkono. Sasa wiki ya tatu naipima na simu, hii imechelewa sekunde 9, ile yangu ya buku nane ya Sabasaba imekimbia karibu nusu dakika. Hiyo redio ina faida gani huku?

Fundi_Majengo: Mkuu hata upande nayo mlimani haishiki kitu. Inasikiliza mtambo wa DCF77 uko Mainflingen karibu na Frankfurt, unarusha kwa kilohezi 77.5 na unafika kama kilomita 2,000 hivi, toka kule mpaka Dodoma ni zaidi ya 6,000. Mitambo mingine ya hivyo iko Uingereza, Marekani, Japani na China, huku kwetu patupu. Ikikosa mawimbi inabaki saa ya betri tu kama ya buku nane, ndani kuna kijiwe kinatetema mara 32,768 kwa sekunde basi, na hizo kupishana sekunde 15 kwa mwezi ni kawaida kabisa. Alafu usiitundike ukuta unaopigwa jua, kile kijiwe joto likizidi kinachelewa, baridi ikizidi kinachelewa vilevile.

MamaWawili: Mi naangalia ya kwenye maikrowevu, umeme ukikatika usiku asubuhi nakuta masufuri yanapepesa na basi la watoto lishapita 😂 Siku hizi simu tu, muda inachukua kwenye mtandao yenyewe.

Zabibu_Dom: Simu sawa dada ila ukutani nataka kitu, mama mkwe hasomi saa ya namba.

Kondoa_Kwetu: Usimrudishie. Kuna programu za simu zinaiga huo mtambo, zinapiga sauti ya kilohezi 15.5 ambayo ukizidisha mara tano unapata 77.5, sasa waya wa earphone unageuka antena ndogo, saa inadhani iko Ulaya. Chomeka earphone, waya uzungushie nyuma ya saa, volyumu mwisho, kaa mbali na tv. Ila chagua muda wa Tanzania, ukiacha wa Ujerumani itakaa nyuma masaa mawili, kwao kukiwa kiangazi lisaa limoja.

Fundi_Majengo: Hiyo inafanya kazi nimeshaiona, ila mjue usahihi hapo ni wa simu sio wa Mainflingen. Na urudie kila baada ya wiki kadhaa, la sivyo inaanza kuteleza tena.

Zabibu_Dom: Mrejesho. Jana usiku nimeifunga waya kama mgonjwa wa dripu, dakika ya kwanza kimya, ya tatu kimya, nikaenda kunywa maji narudi nakuta mishale inakimbia, ikasimama saa tano na dakika 12, sawasawa na simu. Shemeji katoka chumbani kaniuliza "imeshika Ujerumani?" Nimemwambia imeshika.