Wakuu, mzani wangu unaonyesha uzito wa gunia lililopita. Nimekwama, naombeni ushauri

MtuWaKibirizi: Habari za jioni wakuu. Nipo Kigoma. Nimeandika programu ya mzani kwa C, chipu ni ESP32 yenye kori mbili. Kori ya kwanza inasoma kipimo, inagawanya kupata gramu, inaandika kwenye `gramu`, ndipo inainua bendera: `tayari = 1`. Kori ya pili inasubiri bendera, ikiiona inaonyesha uzito kwenye kioo. Nikikompaili (kugeuza programu kuwa amri za chipu) kwa -O0, yaani kompaila isiiharakishe, safi kabisa. Nikiweka -O2, yaani kompaila iiharakishe, mara moja moja kinatokea kipimo cha gunia lililotangulia. Mstari wa gramu uko juu, wa bendera uko chini, nimeukagua mpaka macho yanauma. Nizime tu -O2?

Mzee_wa_Ujiji: Kijana wangu, anza na nyaya. Nilipokuwa natengeneza redio, moja ilikoroma wiki nzima, nikabadilisha kila kitu. Kumbe unyevu wa ziwani umekula waya mmoja, tena ule nisioushuku.

KahawaNaJava: Weka volatile, lile neno la kuilazimisha kompaila isome na kuandika kumbukumbu kila mara, imeisha hiyo.

MtuWaKibirizi: Shikamoo mzee, nyaya nimeshapima. Mkuu, `tayari` ni volatile tangu mwanzo.

Nzige_wa_Biti: Na `gramu` je? Halafu huo mzani uko mezani kwako au unapimia watu?

MtuWaKibirizi: `gramu` ni int ya kawaida.

Nzige_wa_Biti: Swali la pili hujalijibu.

MtuWaKibirizi: Uko mwaloni tangu Jumatatu. Shemeji ananunulia dagaa wakavu. Ila nimeshaweka kusubiri kwa milisekunde 5 baada ya bendera, na kosa halijarudi. Nilipanga niache hivyo mpaka mbalamwezi, wavuvi wakipumzika nitulie nitengeneze vizuri.

Binti_Mwanga: Kaka, mimi nimesomeshwa na dagaa. Mama alikuwa anaanika, ananyeshewa, anaanika tena. Mzani wa biashara unahakikiwa kwanza na Wakala wa Vipimo. Utoe leo, usisubiri mwezi.

KahawaNaJava: Kwenye Java volatile inatosha, natumia kila siku.

Nzige_wa_Biti: Java ni sheria nyingine, mkuu. Tangu Java 5 ya 2004, volatile yao inashikilia na maandishi yaliyotangulia. Ya C inalinda mpangilio wa volatile kwa volatile tu. `gramu` si volatile, kwa hiyo kompaila ina ruhusa ya kuipitisha upande wa pili wa bendera. Na sababu inayo: kugawanya kunachukua muda, kwa hiyo badala ya kungoja jibu inaandika bendera kwanza. Kwa uzi mmoja wa programu huoni tofauti yoyote. Kori ya pili ndiyo inayoiona.

Sitaki_Chai: Hii chai. Kompaila ipindue mistari ya mtu, tena kosa lisubiri gunia la dagaa? Mleta uzi ametunga. Weka asembli, zile amri za prosesa zilizotoka kwa kompaila, tuone.

MtuWaKibirizi: Nimeifungua sasa hivi. Amri inayohifadhi 1 kwenye `tayari` iko juu, kuhifadhi `gramu` kuko amri tatu chini yake. Na daftari la shemeji lipo mbele yangu: magunia 63, mara mbili uzito umejirudia hadi gramu. Namba 17 na 18 yote 41,370. Namba 44 na 45 yote 38,905.

Sitaki_Chai: Aisee. Samahani mkuu.

Nzige_wa_Biti: Zile milisekunde 5 zifute, zinaficha tu. Usitegemee `asm volatile("" ::: "memory")` peke yake pia: inaifunga kompaila, prosesa haiijui. Tumia atomiki za C11 (toleo la C la 2011), aina za data zinazolinda mpangilio kati ya kori: `tayari` iwe `atomic_int`, uandike kwa `memory_order_release` (yaliyoandikwa kabla yabaki kabla), kori ya pili isome kwa `memory_order_acquire` (yanayosomwa baada yabaki baada). Usijaribie kwenye laptopu ya Intel ukaridhika, prosesa zake hazipindui maandishi mawili ya kawaida, kwa hiyo kosa la aina hii linaweza kujificha.

MtuWaKibirizi: Nimebadilisha, -O2 imebaki, asembli sasa inaanza na gramu. Mzani nimeubeba nyumbani, shemeji amenuna, amerudia ule wa mawe. Mwenye gunia namba 45 nimempata, tumelipima upya. Wa namba 18 ameshapanda boti, namtafuta.