Skripti yangu ya tarehe imeifunika amri ya tar: naomba ushauri

Mleta mada: Ndugu zangu, kompyuta yangu inatumia Debian 12, mfumo wa Linux. Jana niliandika skripti fupi ya kuchapa tarehe kwa Kiswahili, nikaiita tar, kama tunavyofupisha neno hilo kwenye barua, kisha nikaipeleka kwa `sudo cp tar /usr/bin/tar`, na cp, amri ya kunakili, haikuniuliza lolote. Leo nilipotaka kufungua nakala rudufu ya picha zangu nikaletewa tarehe, ndipo nikatambua kwamba jina lile lilikuwa na mwenyewe, yaani amri ya kufunga mafaili mengi kuwa moja na kuyafungua. Nimejaribu kuisakinisha tena kwa `sudo apt install --reinstall tar`, lakini kazi inakwama katikati. Je, nisakinishe mfumo wote upya?

Mkongwe wa terminali: Pole sana, ila usisakinishe upya. Ungeifunika ls, ile ya kuorodhesha mafaili, amri hiyo ya apt ingeirudisha bila tabu. Shida ya tar ni kwamba dpkg, programu ambayo apt huitumia kusakinisha, huitegemea kufungua vifurushi, kwa hiyo kila inapoiita huletewa tarehe, kama wewe.

Mwanagenzi: Je, programu za kufufua mafaili yaliyofutika hazitamsaidia?

Mkongwe wa terminali: Hazina haja hapa, kwa sababu aliyoipoteza si kazi ya mkono wake, bali faili lililomo ndani ya kifurushi cha Debian, tena bila tofauti yoyote. Kifurushi hicho kinaweza kufunguliwa bila tar, maana dpkg-deb hujua kukitoa kama mkondo, na Python ina uwezo wake yenyewe wa kuusoma. Mleta mada, fungua folda tupu, kisha uandike:

`apt download tar`
`dpkg-deb --fsys-tarfile tar_*.deb > yaliyomo.tar`
`python3 -m tarfile -e yaliyomo.tar hapa`
`sudo install -m 755 hapa/bin/tar /usr/bin/tar`

Baada ya hapo rudia ile amri yako ya apt, ili dpkg iliweke faili kwa utaratibu wake, halafu umalizie na `dpkg --verify tar`. Ikinyamaza, faili ni salama.

Fundi wa seva: Asiye na Python anaweza kuinakili tar kutoka kompyuta ya mwenzake kwa scp, amri ya kunakili kupitia mtandao, mradi zote ziwe na toleo moja la Debian na prosesa za aina moja.

Mleta mada: Ahsanteni sana, dpkg imenyamaza na picha zimefunguka. Sasa skripti nimeihamishia /usr/local/bin, ambako apt haigusi.

Fundi wa seva: Kwa jina lile lile? Folda hiyo kwa kawaida hutangulia /usr/bin katika PATH, yaani orodha ya folda ambamo amri hutafutwa, kwa hiyo ukiandika tar utaletewa tarehe tena, na dpkg itakwama vile vile. Tafuta jina jingine, na kabla ya kulitumia uliulizie kwa `type -a`, uone kama lina mwenyewe.

Mleta mada: Kumbe! Nimeiita tarehe, kwa kirefu. Nimeliulizia jina hilo kwanza, nikajibiwa kwamba halipo.