Mapigo ya moyo yamepanda, nipumzike au niendelee kukimbia?

Wakuu, naomba ushauri. Mimi hukimbia hapa Nakuru, napanda Menengai mara nne kwa wiki. Kila nikiamka, kabla sijashuka kitandani, naweka vidole viwili shingoni na kuhesabu mapigo dakika nzima. Nilianza na 72, yakashuka hadi 58, nikajiona Kipchoge. Sasa tangu nirudi Jumapili kutoka matangani Kisumu, ambako hatukulala, yanagonga 67. Homa sina, ila miguu mizito kama mawe. Najua 60 hadi 100 ni kawaida kwa mtu mzima, lakini si kawaida yangu. Mnaokimbia, yakipanda hivi mnapumzika siku ngapi? Au sababu ni kule kutoka Kisumu, chini ziwani, kurudi huku Nakuru juu? (Kahawa niliacha, msinianzie hapo.)