Programu nimeandika mwenyewe, antivairasi inaniita mwizi!

Wakuu leo nimechoka, acheni niseme. Jana usiku nimetoa toleo jipya la kaprogramu kangu ka kubadili majina ya picha kwa mkupuo, kadogo tu, intaneti hakagusi hata kidogo, asubuhi naamka nakuta mteja kanitumia skrinshoti: dirisha jekundu, "Trojan.Generic", faili lishawekwa karantini. Chini yake kaandika "kaka ndo nini hiki umeniuzia?" Nimemweleza mpaka vidole vimeuma, akaishia kusema basi nirudishie hela yangu. Nimemrudishia.

Sasa hiyo trojani (kirusi kinachojifanya programu nzuri) iko wapi jamani? Nimepandisha faili kwenye tovuti ya VirusTotal, pale zinapekua injini za antivairasi kama 70 hivi, 11 zinasema kirusi, na kila moja imekipa jina lake, yaani hata wenyewe hawakubaliani ni kirusi gani. Kisa nimefungasha kodi (msimbo) ya lugha ya Python kwa PyInstaller, kifaa cha kuigeuza iwe programu ya kubofya tu. Ile butloda yake, kipande kinachoiwasha programu, ndo hiyohiyo wanayotumia na watengeneza virusi, kwa hiyo antivairasi ikiona sura zinafanana inakamata ukoo mzima. Nikaondoa UPX, ile ya kubana faili liwe dogo, nikakompaili butloda upya mwenyewe, zikabaki 3, na mojawapo ya hizo 3 ndo anayo huyo mteja, ona mkosi.

Fomu ya kampuni ya hiyo antivairasi, ya kuripoti faili lililokamatwa kimakosa, naijua vizuri sana. Toleo la mwezi uliopita nalo lilikamatwa, nikajaza, baada ya siku nne wakajibu faili ni safi, wamesharekebisha. Wamerekebisha nini sasa, hili jipya nimegusa mistari miwili tu, heshi (ile alama ya kidole ya faili) imebadilika, tumerudi palepale!

Na msije na ile ya "saini programu yako", yaani uweke sahihi ya kidijitali inayoonyesha nani kaitengeneza. Nimesaini! Cheti nimelipia, nimetuma vitambulisho, nimehojiwa kama naomba viza. Tangu 1 Juni 2023 ufunguo wa cheti haukai tena kwenye faili, lazima uwe ndani ya kifaa maalumu, so nimeletewa ka-USB, kila nikibildi (nikitengeneza faili la programu) nakachomeka nacharaza nywila. Seva iliyokuwa inabildi yenyewe usiku imekaa bure, haina mkono wa kuchomeka. Kukodi ufunguo mtandaoni kupo, ila nako kuna bili yake. Halafu zamani cheti ulichukua hata cha miezi 39, kuanzia 1 Machi 2026 mwisho siku 460, yaani haya mahojiano ndo yatakuwa kama sikukuu, kila mwaka yapo.

Ukishamaliza yote hayo siku ya kwanza bado lile dirisha la bluu la Windows, SmartScreen, linatokea, eti programu haijulikani, mpaka watu wa kutosha waipakue. Wataipakuaje na nyie mnawatisha mlangoni? Mwaka 2010 kirusi cha Stuxnet kimeingia na sahihi halali kabisa, vyeti vya kampuni za Realtek na JMicron vilivyoibwa, mimi mwenye cheti cha jina langu ndo napekuliwa mifuko.

Kuna mtu humu anatumia huo ufunguo wa kukodi na bildi zinapita zenyewe? Naomba mwongozo. Na asije mtu kuniambia niwaambie wateja wazime antivairasi, kesho akiingiwa na kirusi cha kweli unadhani atampigia nani?