Kindle au niendelee na vitabu vya karatasi?

mla_kurasa: Wakuu salama? Juzi nimerudi home Tanga nikavuta lile boksi la vitabu niliacha chini ya kitanda, mchwa wamepita nalo lote, ukishika kitabu jalada zima ila ndani udongo mtupu. Roho imeniuma mpaka leo. Sasa nawaza nichukue Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, ya mkononi kwa mtu, maana PDF kwenye simu nusu saa tu macho yanawasha na meseji za WhatsApp zinaingia kama mvua. Wanaotumia, inafaa au ni mbwembwe?

babu_wa_kitaa: Pole sana mkuu. Mi ninayo mwaka wa nne huu, usiifananishe na simu kabisa. Kile kioo ni wino wa elektroniki, hakikupigi mwanga machoni, unakisoma kwa mwanga wa nje kama karatasi, juani pale stendi we unasoma tu wakati mwenye simu anajiona sura yake. Chaji inakula pale unapofungua ukurasa mpya, ndo maana inakaa wiki kadhaa, umeme ukikatika wala hushtuki. Ila PDF ya A4 utalia, herufi zinakuwa sisimizi. Tafuta EPUB, aina ya faili ya kitabu ambayo ukikuza maandishi yanajipanga yenyewe.

mama_K: Haya, na riwaya za Kiswahili utazipata humo? Zangu nyingi naokota kwa wale wanaotandika chini Posta, nyingine zina maandishi ya penseli ya mwenyewe wa kwanza, kuna moja kaandika "muongo huyu!" pembeni ya barua ya mapenzi, nilicheka peke yangu kwenye daladala. Halafu mmesahau 2009? Amazon walifuta riwaya ya Orwell inayoitwa 1984 ndani ya Kindle za watu waliokwisha kulipia, kisa aliyewauzia hakuwa na haki nacho. Hela walirudishiwa, na Bezos, bosi wa Amazon wakati huo, akaomba radhi, sawa, ila mchwa angalau haombi radhi 😂

chuo_mwaka_wa_3: Mi hadithi nasoma popote, ila ya mtihani naenda steshenari naprinti. Kwenye karatasi nakumbuka kabisa ilikuwa ukurasa wa kushoto, chini, karibu na mchoro, kwenye simu nashusha tu kidole na kichwani hamna kitu. Kuna uchambuzi wa 2018 ulijumlisha tafiti 54, karatasi ilishinda kwenye maandishi ya kujifunza hasa muda ukibana, kwenye hadithi haikuonekana tofauti.

mla_kurasa: @mama_K umeniua 😂 Jamaa wa Kindle namkuta kesho, nikague nini?

babu_wa_kitaa: Aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako, akianza hadithi nyingi ondoka, hiyo ya wizi. Fungua kurasa kama ishirini haraka haraka uone kama kioo kinabaki na mistari. Na hivyo vya karatasi vilivyopona toa chini, weka juu ya kabati.