Ninaishi Louisville, nafanya kazi Jeffersonville: nilipe kodi ya jimbo wapi?

Mkaazi wa Louisville

Salamu kwenu nyote. Naomba ushauri kabla sijawasilisha ritani yangu ya kodi ya mwaka 2025. Mimi na familia yangu tunaishi Louisville, Kentucky, lakini tangu Machi mwaka jana nimeajiriwa katika ghala moja lililoko Jeffersonville, Indiana, ng'ambo ya Mto Ohio. Navuka daraja alfajiri na kurudi nyumbani jioni. Fomu yangu ya W-2, ile ambayo mwajiri huonyesha mshahara na makato ya mwaka, imefika, na katika kisanduku namba 15 wameandika IN, yaani Indiana, peke yake. Kisanduku namba 17 kinaonyesha kodi ya jimbo niliyokatwa, na kisanduku namba 19 kinaonyesha kodi nyingine ambayo pembeni yake limeandikwa jina la kaunti ya Clark. Kentucky haikupelekewa hata senti moja.

Mtu anayewajazia wenzetu ritani hapa mtaani ameniambia nipeleke ritani ya Indiana tu, kwa sababu huko ndiko nilikokatwa. Rafiki yangu naye anasema Kentucky itanidai kodi ya mshahara wote na kwamba nitakuwa nimelipa mara mbili. Nimsikilize nani? Jambo jingine: Jumamosi jioni huwa naendesha teksi ya kuitwa kwa programu ya simu, na abiria wengine nawachukulia upande wa Indiana na kuwashusha hukohuko.

Mama Mhasibu

Ndugu yangu, rafiki yako amesema kweli kwamba Kentucky itadai kodi ya mshahara wote. Kwamba utalipa mara mbili si kweli, ila kuepuka hilo kunahitaji ufuate utaratibu maalumu, ambao ni tofauti na ule ambao watu wengi wameuzoea.

Kwa kawaida, jimbo unaloishi hutoza kodi mapato yako yote, popote ulipoyapata, na jimbo unalofanyia kazi hutoza kile ulichokipatia ndani ya mipaka yake. Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali tangu mwaka 1920, katika kesi ya Shaffer dhidi ya Carter iliyotoka Oklahoma, kwamba jimbo linaweza kumtoza kodi mtu asiye mkaazi wake kwa mapato aliyoyapatia humo. Ukaazi unaozungumzwa hapa ni wa jimbo na hauhusiani na hati zako za uhamiaji. Ili mtu asiumizwe mara mbili, jimbo la nyumbani humpunguzia kodi yake kwa kiasi alichokilipa kule, lakini si zaidi ya kile ambacho lenyewe lingetoza kwa mapato hayohayo. Hivyo ndivyo inavyokuwa, kwa mfano, kwa anayeishi Kansas na kufanya kazi Missouri: hutangulia kujaza ritani ya Missouri kama asiye mkaazi, kisha huomba punguzo hilo katika ritani ya Kansas.

Kentucky na Indiana hazifuati njia hiyo katika mishahara, kwa sababu zina mkataba wa kuachiana. Mkaazi wa Kentucky anayeajiriwa Indiana hatozwi na Indiana kodi ya jimbo juu ya mshahara wake, na wa Indiana anayeajiriwa Kentucky vivyo hivyo. Kentucky ina mikataba ya namna hii pia na Illinois, Michigan, Ohio, Virginia, West Virginia na Wisconsin. Kwa hiyo, kodi iliyoonyeshwa katika kisanduku namba 17 haikustahili kukatwa tangu mwanzo. Na kwa kuwa Indiana haikuidai kwa haki, Kentucky haitakupunguzia chochote kwa sababu yake. Unapaswa kuidai Indiana ikurudishie. Wengi hukwama hapa: wanajaza ombi la punguzo katika ritani ya Kentucky, linakataliwa baada ya miezi kadhaa, na wakati huo riba imeshaanza kuhesabiwa.

Utaratibu ni huu. Ritani ya Kentucky, fomu 740, iwe na mshahara wote kana kwamba ulifanya kazi Louisville. Kiwango cha mwaka 2025 ni asilimia 4. Kwa Indiana kuna fomu IT-40RNR, iliyotengwa kwa wakaazi wa majimbo yenye mkataba ambao mapato yao ya Indiana ni mshahara, bakshishi au kamisheni tu. Ujiandae mapema kifedha, kwa sababu kiwango cha Indiana mwaka 2025 kilikuwa asilimia 3, hivyo kitakachorudi hakitatosha kulipa deni la Kentucky, na tena deni hilo linatakiwa Aprili 15 hata kama hundi ya Indiana haijafika.

Sasa kodi ya kaunti, ambayo mimi naiona ndiyo yenye mtego mkubwa zaidi. Mkataba unahusu kodi ya jimbo peke yake. Kaunti za Indiana zina haki ya kumtoza hata mtu wa Kentucky, ikiwa Januari 1 ya mwaka husika kazi yake kuu ilikuwa katika kaunti hiyo. Tarehe hiyo moja ndiyo inayoamua mwaka mzima. Wewe ulianza Machi 2025. Kama Januari 1, 2025 hukuwa unaishi wala kufanya kazi Indiana, basi kaunti ya Clark haikudai kwa mwaka huo, na kiasi kilichomo katika kisanduku namba 19 nacho kirudi kwako. Kwa mwaka 2026 hali imegeuka, kwa kuwa Januari 1 ilikukuta ukiwa mwajiriwa wa ghala hilo. Kodi ya kaunti utailipa hata ukihamia kazi ya Louisville mwezi Februari.

Teksi inabadilisha fomu. Mapato ya biashara yako mwenyewe hayalindwi na mkataba, kwa hiyo safari ulizozifanya ndani ya Indiana ni mapato ya Indiana, na IT-40RNR haitakufaa tena, utatumia IT-40PNR, fomu ya Indiana ya wasio wakaazi. Mshahara utaendelea kulindwa, na kitakachotozwa ni faida ya safari zile baada ya kutoa gharama. Faida hiyohiyo utaionyesha Kentucky pia, na kwa hiyo peke yake ndipo Kentucky itakupunguzia kodi uliyoilipa Indiana. Pakua kutoka kwenye programu orodha ya safari inayoonyesha mahali pa kuanzia na pa kumalizia kila moja, kwa sababu jumla ya mwaka haitenganishi majimbo.

Dereva wa Masafa

Nakubaliana na Mama Mhasibu, na ninaongeza jambo kwa wenzangu wa malori wasije wakayachukua maelezo yake kuwa ni yao. Sisi tuna kinga katika sheria ya shirikisho, kifungu 14503 cha kitabu cha 49 cha sheria za Marekani. Dereva aliyeajiriwa na kampuni ya usafirishaji, ambaye majukumu yake ya kawaida yako katika majimbo mawili au zaidi, hutozwa kodi ya mapato na jimbo analoishi tu, na kinga hiyo inafika hadi kwenye kodi za miji na kaunti. Nimekutana na vijana waliokuwa wakipeleka ritani katika kila jimbo walilopitisha mzigo, wakilipia kila ritani, jambo ambalo sheria haikuwadai kamwe. Angalieni kisanduku namba 15 kila mwaka: kikiwa na jimbo jingine mbali na lile mnaloishi, mwelezeni mwajiri aandike W-2 upya. Anayepakia mizigo ghalani bila kuendesha hana kinga hiyo, hata kama yuko kampuni moja nasi.

Muuguzi wa Nashua

Nasoma haya nikiwa New Hampshire na naona wenzetu wa Kentucky wamepata nafuu ambayo sisi hatuna. Ninaishi Nashua, nafanya kazi Lowell, Massachusetts. Jimbo langu halitozi kodi ya mshahara, na watu huhamia huku kwa ajili hiyo, bila kujua kwamba Massachusetts itaendelea kukata asilimia 5 ya kile wanachokipatia kwake. Hakuna mkataba, na punguzo haliwezekani kwa sababu nyumbani hakuna kodi ya kupunguzwa. Ninajaza fomu 1-NR/PY kila mwaka na nalipa.

Kitu kinachoweza kupunguza mzigo ni siku ambazo mtu anafanyia kazi nyumbani kwake New Hampshire. Wakati wa korona Massachusetts iliweka kanuni ya kuwatoza hata waliobaki majumbani nje ya jimbo. New Hampshire ilikwenda Mahakama Kuu, ambayo mwezi Juni 2021 ilikataa kuisikiliza kesi hiyo, na kanuni yenyewe ikakoma Septemba mwaka huohuo. Tangu hapo siku za nyumbani si za Massachusetts, mradi uwe na kumbukumbu za kuzithibitisha. Anayeajiriwa na kampuni ya New York asitegemee hilo, kwa sababu New York huzihesabu siku za nyumbani kuwa ni zake isipokuwa pale ambapo ni mahitaji ya mwajiri, wala si hiari ya mfanyakazi, yaliyomweka nyumbani.

Mkaazi wa Louisville

Nawashukuru sana, hasa kwa suala la Januari 1 ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Nimekwenda ofisi ya wafanyakazi kuuliza, nao wamenijibu kwamba kampuni iko Indiana na kwa hiyo ni lazima wakate kodi ya Indiana. Pia ninaye mdogo wangu anayeishi kwangu, ambaye yuko katika ghala hilohilo tangu mwaka 2023. Yeye amekuwa akipeleka ritani ya Indiana peke yake miaka yote hiyo. Je, amechelewa?

Mama Mhasibu

Wapelekee fomu WH-47 iliyojazwa na kusainiwa. Ni cheti unachokithibitishia mwajiri kwamba wewe ni mkaazi wa Kentucky, na hakipelekwi kwa Idara ya Mapato ya Indiana, kinabaki katika jalada lako kazini. Bila cheti hicho mwajiri yuko sahihi kukata, kwa hiyo usibishane nao kwa maneno. Kodi ya kaunti wataendelea kuikata, na ndivyo inavyotakiwa. Kisha waulize kama wanaweza kukukatia kodi ya Kentucky. Wakisema hawawezi, utalazimika kulipa mwenyewe kwa awamu kwa fomu 740-ES, kwa sababu Kentucky inatarajia malipo ya awali kutoka kwa yeyote ambaye deni lake la mwaka, baada ya makato, litazidi dola 500. Kiwango chao kwa mwaka 2026 kimeshuka hadi asilimia 3.5, kwa hiyo piga hesabu kwa kiwango hicho.

Kuhusu mdogo wako, aanze na Kentucky wiki hii. Indiana inampa mtu miaka mitatu ya kudai kodi iliyokatwa kimakosa, hivyo kwa mwaka 2023, ambao ritani yake ilitakiwa Aprili 15, 2024, muda wake haujakwisha. Kwa upande wa Kentucky hakuna muda unaomlinda, kwa sababu mwaka ambao ritani yake haikuwasilishwa haufungwi. Jimbo linaweza kuudai wakati wowote, pamoja na faini na riba. Apeleke fomu 740 za miaka yote aliyoiruka yeye mwenyewe kabla barua haijamfikia, na arekebishe zile ritani za Indiana ili fedha zitakazorudi zimsaidie kulipa. Kama hana uwezo wa kumlipa mhasibu, vituo vya VITA, yaani mpango wa watu wa kujitolea wanaosaidia kujaza ritani, vinavyosimamiwa na mamlaka ya kodi ya shirikisho huwahudumia bure wenye kipato cha chini na cha wastani. Apige simu kwanza aulize kama kituo hicho kinashughulikia ritani za miaka iliyopita na za jimbo la pili, kwa kuwa si vyote vinavyofanya hivyo, na aende na W-2 za miaka yote pamoja na nakala za ritani alizokwisha kupeleka.