Tupeane uzoefu: fainali ya The International iliyobadilisha namna timu yenu inavyocheza Dota 2

Msaidizi wa Kondele (Kisumu)

Habari za jioni wadau. Tuko wengi humu tunaocheza Dota 2, mchezo wa kompyuta wa timu za watu watano watano, kutoka Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko huku magharibi, lakini tukikutana tunaishia kubishana shujaa gani (mhusika unayemwongoza mchezoni) ni mkali. Leo naomba tuizungumzie The International yenyewe, mashindano ya dunia. Eleza fainali moja iliyokugusa, uliitazama ukiwa wapi, na timu yako ilibadilika vipi baadaye. Ukiwa na mengi, andika mengi.

Naanza mimi. Yangu ni ya Agosti 2018, Vancouver. Wale wako nyuma yetu kwa saa kumi, kwa hivyo fainali ilitukuta usiku. Mwenye saiba moja hapa Kondele alikubali tukeshe kwake mradi tuchange pesa za stima. Ndani tulikuwa timu yangu nzima, pamoja na vijana wa mtaa ambao hawakuwahi kuona mchezo huu.

Kuwaelewa OG, timu iliyoshinda usiku ule, lazima urudi nyuma kidogo. Miezi michache kabla ya mashindano, wachezaji wao wawili, Fly na s4, waliondoka wakajiunga na timu ya Evil Geniuses. OG wakabaki na mapengo. Ceb, aliyekuwa kocha, akaingia kucheza. Mchezaji aitwaye Ana akarudi kutoka mapumziko. Topson, kijana wa Finland, hakuwa amewahi kusimama kwenye jukwaa la ukubwa ule. Wakaanzia mchujo wa wazi, ule ambao timu yoyote inaweza kujiandikisha, wakapanda hadi Vancouver. Huko wakakutana na hao hao Evil Geniuses wakawashinda. Fainali ikawa dhidi ya PSG.LGD ya China. Walikuwa nyuma 2-1, na mchezo wa nne ulikuwa unawaponyoka hadi Ceb na shujaa wake Axe wakaugeuza. Mwisho 3-2. Saiba nzima ilisimama.

Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwa N0tail wa OG. Kapteni, mtu aliyeachwa na wenzake, na bado anacheza nafasi ya tano: mwenye dhahabu kidogo kuliko wote, anayenunua wadi za kumulika ramani, anayetangulia gizani ili mwingine asife. Kwetu kila mtu alitaka kucheza katikati, tukigombana kabla hata mechi haijaanza. Baada ya usiku ule nilichukua nafasi ya tano na sijaiacha. Ugomvi uliisha, kwa sababu kapteni akichagua kazi isiyo na sifa, ni vigumu mwingine kulalamika.

Binti wa Section 58 (Nakuru)

Asante kaka kwa kuanzisha. Mimi ni OG pia, ila ya mwaka uliofuata, Shanghai 2019. Ilikuwa Jumapili, tarehe 25 Agosti. Shanghai wako mbele yetu kwa saa tano, kwa hivyo mechi za siku ile zilianza kwetu alfajiri na fainali ikaangukia saa za ibada. Mama yangu ni mtu wa kanisa na sikutaka kumkosea. Tulikubaliana niende ibada ya kwanza, kisha nirudi nyumbani nimalizie na ndugu yangu. Nilipoingia tu, mama akaketi nasi. Akauliza maswali mpaka akajua nani ni nani.

OG waliwashinda Team Liquid 3-1 wakawa timu ya kwanza kutwaa kombe hili mara mbili, tena mfululizo, na wachezaji ni wale wale watano. Katika mashindano hayo Ana alimtumia Io, shujaa ambaye sote tulimjua kama msaidizi tu, akamfanya mpigaji mkuu. Sisi wasichana tulikuwa tumeanza timu yetu hapa Nakuru na kila siku tulikuwa tunaiga mpangilio wa mitandaoni, tukipigwa. Baada ya Shanghai tulianza kuulizana swali lingine: sisi watano tunajua kufanya nini vizuri? Mmoja wetu ni hodari na Treant Protector, na tulikuwa tunamkataza kwa sababu hayumo kwenye orodha za mashujaa bora. Tukamruhusu. Nawaambia ukweli, siku nyingi ni yeye anayetubeba.

Radi ya Kakamega

Yangu ni Bucharest, Oktoba 2021. Romania wakati ule saa yao na yetu ni moja, hapana kukesha. Ukumbi ulikuwa mtupu kwa sababu ya korona, unasikia watangazaji tu. Zawadi ilipita dola milioni 40, kiasi ambacho mashindano haya hayajafikia tena, kwa kuwa robo ya mauzo ya Battle Pass, tiketi ya msimu wanayonunua wachezaji mchezoni, ilikuwa inaingia kwenye mfuko. Mpango huo ulipoondolewa, mwaka 2023 zawadi ilishuka hadi dola milioni 3 na kitu.

Nilikuwa mwanafunzi, tunatazama chumbani kwa rafiki karibu na chuo. Mnaijua mvua ya Kakamega ya alasiri: radi ikapiga, stima ikaenda. Tukaunganisha bando zetu, simu moja ikawekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, vichwa vyote vikakusanyika hapo.

Team Spirit walikuja kwa njia ya mchujo, na wachezaji wao wengi ndiyo kwanza walikuwa wanashiriki. PSG.LGD ndio waliopewa nafasi kubwa na kila mchambuzi. Mchezo wa tano, uamuzi wa yote, LGD wakamwacha shujaa Magnus bila kumfungia, yaani kumzuia asichaguliwe, na Collapse wa Spirit alikuwa amewatesa watu na Magnus mashindano mazima. Tulipiga kelele kabla mchezo haujaanza, na Spirit wakashinda 3-2. Tangu hapo mimi hutazama uchaguzi wa mashujaa kwa makini kuliko mapigano. Kapteni ana sekunde chache kumfungia shujaa huyu au kumchukua yule, na pale ndipo nusu ya mechi huamuliwa. Timu yetu sasa hukaa na daftari kabla ya kila mchuano: wapinzani wanapenda nini, tufunge nini.

Mkazi wa Njoro

Kaka wa Kakamega, hiyo ya ndoo nimeisikia hadi huku. Mimi 2022, Singapore, Tundra 3-0 dhidi ya Team Secret. Fupi, safi, haikuacha nafasi ya ubishi.

Mtu wa Dunga (Kisumu)

Nimesoma kila mtu anasimulia washindi. Naomba niseme la aliyeshindwa.

Ame, mpigaji kutoka China. Alikuwa LGD 2018 walipopoteza 3-2 kwa OG. Alikuwa LGD 2021 walipopoteza 3-2 kwa Team Spirit. Septemba 2025, Hamburg, akafika tena fainali, sasa akiwa na Xtreme Gaming, na wakapoteza 3-2 kwa Team Falcons. Fainali tatu, zote zimefika mchezo wa tano, zote zimemkataa. Nilitazama nikiwa nyumbani na mdogo wangu, na mchezo wa mwisho ulipoisha hakuna aliyefungua mdomo. Nawapongeza Falcons kwa moyo wote. Skiter na Sneyking walikuwa tayari mabingwa na Tundra na wakathibitisha tena. Lakini mimi nilikuwa namwombea yule Mchina.

Mdogo wangu ana miaka kumi na sita na alikuwa amefikiria kuacha kucheza kwa sababu timu yao ya mtaa hutolewa nusu fainali kila mara. Siku ile akaniuliza kama Ame ataacha. Nikamwonyesha tarehe: 2018 hadi 2025. Miaka saba kati ya fainali ya kwanza na ya tatu, na bado ni miongoni mwa wapigaji bora duniani. Jumamosi iliyofuata alikuwa mazoezini kabla ya wenzake.

Mgeni wa Bungoma

Shikamooni nyote. Mimi ndiyo naanza, niko kidato cha nne. Nimepata wenzangu wanne lakini mtandao wetu unasuasua. Mnatumia seva ipi? Na naweza kutazama wapi pamoja na watu?

Msaidizi wa Kondele (Kisumu)

Marahaba mdogo wangu, karibu sana. Masomo kwanza, kisha jaribuni seva ya Afrika Kusini, ya Dubai na ya Ulaya Magharibi kwa siku tofauti, saa ile ile mnayocheza kawaida, mwandike pingi (muda wa mawasiliano kwenda kwenye seva na kurudi) ya kila mmoja. Chagueni seva inayomfaa aliye na mtandao dhaifu kuliko wote, si aliye na mtandao mzuri. Usiku wa manane huwa afadhali, lakini wewe una mtihani.

Kuhusu kutazama: The International ya 2026 inarudi Shanghai mwezi Agosti, kwa hivyo kwetu itakuwa asubuhi tena. Nitazungumza na mwenye saiba hapa Kondele afungue alfajiri. Walio Bungoma, Kakamega na Njoro, andikeni hapa chini mko wangapi ili tujue viti, na dada wa Section 58, njoo na mama.